Mlinzi wa Dhahabu Naye Alindwe



Mwaka 2003 Benki Kuu iliiajiri kampuni ya kigeni, Alex Stewart, ikague hesabu za dhahabu yetu iuzwayo nje, ili wachimbaji wakubwa wasitupunje. Nia hiyo hatuilaumu. Lakini taifa, lililo mwenye mali, lilipata mrabaha wa asilimia 3 tu. Mkaguzi akalipwa asilimia 1.9 ya thamani ya dhahabu hiyo hiyo, na kodi akasamehewa! Mwaka 2015 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani waliokuwa mawaziri, Basil Mramba na Daniel Yona, kwa msamaha huo uliotutia hasara ya shilingi bilioni 11.7.

Mama auzaye mchicha soko la Buguruni hulipa ushuru. Yeye nani alimsamehe?

Hatusemi ukaguzi haufai. Twasema mkaguzi naye akaguliwe, na mkataba wake usomwe hadharani kabla haujatiwa sahihi. Nasi tuanzie nyumbani: hesabu za parokia na za jumuiya ndogondogo zisomwe mbele ya wote. Afichaye daftari la jumuiya hana kinywa cha kudai mikataba ya madini.