Mfinyanzi Hulia Gaeni

Kwa muda sasa tumewasikia baadhi ya walimu wenzetu wakidai kwamba Waswahili hawakuwa na sanaa ya ufinyanzi. Wamoche wa Peru, ati, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita walifinyanga vyombo vyenye umbo la bata, chura na lama. Mafundi wa Colima, huko Meksiko, walifinyanga mbwa wanono. Nasi tuna vyungu vya kupikia tu. Dai hili twalipinga.

Kwanza, wenye kudai hivyo hawajatazama ardhini. Mwaka 1969 Neville Chittick alichapisha taarifa ya uchunguzi wake wa mambo ya kale katika pwani ya kusini ya Somalia, ambayo ndiyo pwani ya Wabajuni. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, akafukua vigae vya karne ya 8 vilivyotiwa nakshi za pembetatu kwa ncha kali kabla ya kuchomwa. Huko huko ilionekana sanamu ndogo ya simba iliyofanywa kwa shaba. Basi umbo la mnyama halikuwa geni machoni pa wakazi wa mji ule.

Pili, wameisahau lugha yenyewe, na hiyo ni aibu kwa mwalimu wa lugha. Mtungi wetu una mdomo, una shingo, una tumbo na kitako. Kiumbe yumo, Mswahili amemuumba kwa neno.

Tatu, sanaa haipimwi kwa sura peke yake. Maji hupenya udongo wa mtungi, hukaushwa na upepo, na yaliyobaki ndani yakapoa. Je, huo si ustadi?

Madhara ya dai hili ni makubwa. Tangu vita vya 1991 Wabajuni wengi wamehama Kismayu, Koyama, Chovai na Chula, wakaenda Lamu, Mombasa hata Ulaya. Wazee wao wamechukua vifuani majina ya vyombo ambayo kamusi zetu hazina. Mwalimu amwambiaye mtoto wa Kibajuni kwamba wazee wake hawakuwa na sanaa amemziba kinywa asiwaulize, na wazee hawatungoji.

Walimu wenzetu, watumeni wanafunzi kwa bibi zao. Waulize habari za chungu, kaango, mkungu na chetezo. Waandike kila jina kama linavyotamkwa nyumbani. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga. Sisi tuliokabidhiwa lugha nzima, mbona twaridhika na kigae?