Hitilafu Inayokuja na Kuondoka

Gari linaloharibika na kubaki limeharibika ni mwalimu mpole. Fundi hulifungua, akakiona kilichovunjika, akakibadilisha, na safari ikaendelea. Gari linalokosa nguvu saa nane mchana, likapona lenyewe saa kumi bila ya kuguswa na mtu, ni jambo la namna nyingine kabisa. Hapo fundi hana cha kuona. Akifungua boneti injini hunguruma vizuri, na mwenye gari huonekana kama mtu aliyeota.

Katika njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Samunge, wilayani Ngorongoro, hitilafu ya namna hiyo si jambo la kuchekesha. Njia hupita Engaruka, ikazunguka miguu ya mlima Ol Doinyo Lengai, ikateremka hadi kando ya Ziwa Natron, kwenye mwinuko wa mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, ambako joto la mchana ni kali. Kutoka hapo gari sharti lipande ukingo wa Bonde la Ufa, kwa mwendo mdogo, kwa gia ndogo, injini ikivuta kwa nguvu zake zote. Mwaka 2011 maelfu ya magari yalipita njia hii kumfuata Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyekuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Foleni ilifika kilomita nyingi, na ndani ya magari hayo walikuwamo wagonjwa mahututi ambao baadhi yao walikufa wakiwa njiani au wakingoja zamu yao. Anayesema kwamba kukatika kwa petroli ni usumbufu mdogo na akumbuke abiria wa namna hiyo.

Aghalabu magari yanayomudu njia kama hizi si yale yaliyotoka kiwandani. Mafundi hurefusha bodi, huinua paa, huongeza springi na tangi la pili. Wapo wenye magari wanaotaka zaidi ya hayo: huweka injini kubwa kuliko ya asili, au hufunga turbo ili hewa nyingi iingie katika silinda na gari lipande mlima bila kusitasita. Mabadiliko hayo si kosa. Kosa ni kwamba injini hubadilishwa na njia ya mafuta ikaachwa kama ilivyokuwa: pampu ile ile, mpira ule ule, nyaya zile zile nyembamba zilizokusudiwa kazi ndogo.

Wasonjo wa Samunge, wanaojiita Batemi, wamemwagilia mashamba yao kwa mifereji tangu zamani za mababu, na maji hayo hugawanywa chini ya usimamizi wa wazee waitwao wenamiji. Mtu wa mifereji hahitaji kuelezwa kwamba maji yakikosekana katika shamba la mwisho, kosa huenda lipo mbali na shamba hilo. Njia ya petroli ni mfereji uliofunikwa. Pampu huvuta mafuta kutoka tangini, huyasukuma kupitia chujio hadi kwenye bomba linalozilisha nozeli, na mwishoni kipo kidhibiti, ambacho mafundi hukiita regulata, kinachorudisha tangini mafuta yaliyozidi. Kazi ya kidhibiti ni kulinda tofauti ya kanieneo, yaani ya msukumo juu ya kila eneo, kati ya mafuta yaliyo nyuma ya nozeli na hewa iliyo mbele yake. Katika injini nyingi za petroli za mfumo huu tofauti hiyo ni kilopaskali 300 hivi.

Neno la kushika hapo ni tofauti. Injini inapounguruma bila mzigo, hewa ndani ya manifoldi huwa imepungua, na geji iliyofungwa kwenye bomba la nozeli huweza kuonyesha 250. Fundi asiyejua sababu hununua pampu mpya siku hiyo hiyo, na hali gari halina kosa lolote. Kinyume chake, turbo ikisukuma hewa kwa kilopaskali 70 zaidi ya hewa ya nje, geji inapaswa kupanda hadi 370. Ikibaki kwenye 300, mtazamaji huridhika kwamba mshale haukutikisika, kumbe tofauti imeshuka hadi 230. Kwa kuwa mtiririko kupitia tundu la nozeli hufuata kipeuo cha pili cha tofauti hiyo, yaani mzizi wake wa mraba, mwanafunzi anaweza kupiga hesabu: 230 kwa 300 ni 0.77 hivi, na mzizi wake ni 0.88. Injini inapata asilimia 12 pungufu ya mafuta wakati ule ule inapoyahitaji kupita wakati mwingine wowote. Mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo, chini ya mzigo mzito, huzidisha joto na kugonga ndani ya silinda, na pistoni huweza kutoboka. Kwa hiyo linalopotea si mwendo peke yake.

Magari ya kabureta yaliyokimbia mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa na uvumilivu kidogo katika jambo hili. Kabureta ina kibakuli chenye boya, na petroli iliyomo humo huiwezesha injini kuvuka upungufu wa sekunde chache. Mfumo wa nozeli hauna akiba ya namna hiyo, na kila mshuko wa kanieneo huonekana papo hapo katika mguu wa dereva. (Joginder Singh, aliyeshinda mashindano hayo mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Huenda hilo halikuwa bahati.)

Kwa nini basi hitilafu ije na kuondoka? Na lifikiriwe gari lililoondoka Mto wa Mbu asubuhi, tangi likiwa limejaa. Hadi Engaruka mambo ni mazuri. Kila mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini hurudi yakiwa na joto, na kadiri tangi linavyopungua ndivyo joto hilo linavyogawanywa kwa mafuta machache. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi za Selsiasi au chini ya hapo, na huchemka mapema zaidi pale zinapovutwa kuliko pale zinaposukumwa. Gari likiwa limehamishiwa pampu nje ya tangi, kama wafanyavyo wengi kwa urahisi wa matengenezo, na chujio lililo kabla ya pampu likiwa limeshika kutu na vumbi la mapipa, pampu huvuta mvuke badala ya mafuta. Kupanda nako huongeza dhiki. Kwenye Ziwa Natron hewa husukuma kwa kilopaskali 94 hivi, lakini kwenye mwinuko wa mita 2,300, kama ule wa ukingo wa Ngorongoro, hazizidi 77. Tena mlimani mafuta machache yaliyobaki huegemea nyuma ya tangi, yakaacha mdomo wa mpira wazi. Sababu nne, ambazo kila moja peke yake ni dhaifu, hukutana mahali pamoja katika saa moja. Gari likiegeshwa kivulini mafuta hupoa, mvuke hurudi kuwa maji, nalo huwaka kama kwamba halikuwahi kuumwa.

Umeme nao una hila zake. Pampu kubwa huweza kutumia ampea 10. Ikiwa nyaya, rilei na kiungo cha kutua kwenye chesi vina jumla ya ukinzani wa omu 0.2, volti 2 hupotea njiani, na pampu iliyotazamiwa volti 14 hupata 12. Rilei ikipata joto, au nati ya kiungo ikilegezwa na mabonde ya barabara hata ukinzani ukafika omu 0.4, pampu hubaki na volti 10, na mwendo wake hupungua. Barabara ikiwa laini kiungo hukaa sawa. Ikiwa mbaya hutikisika. Dereva husema kwa unyofu kabisa kwamba gari lake halipendi barabara ya vumbi.

Mbele ya mambo hayo, desturi iliyoenea katika gereji nyingi ni kubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine mpaka gari lipone. Leo pampu, kesho chujio, keshokutwa kidhibiti. Desturi hii ina ubaya mkubwa kuliko gharama yake. Hitilafu inayoondoka yenyewe humsifu yeyote aliyekuwa karibu nayo ilipoondoka. Pampu ikibadilishwa usiku, na safari ya kurudi ikafanyika alfajiri kwenye baridi, gari litakwenda vizuri, na watu wote watashuhudia kwamba pampu ndiyo iliyokuwa mbovu. Ushahidi wao ni wa kweli kwa maana ya kwamba hawasemi uongo. Ila hauthibitishi chochote.

Hapa ndipo gari na abiria wake wanapofanana kuliko inavyopendeza kusema. Mwaka 2011 wengi walirudi kutoka Samunge wakijisikia nafuu, nao walisimulia kwa moyo mweupe. Lakini maradhi mengi hupanda na kushuka yenyewe, na mtu aghalabu husafiri kutafuta dawa anapokuwa amezidiwa, yaani wakati ambao kinachofuata kwa kawaida ni nafuu fulani. Wako walioacha dawa za hospitali kwa sababu ya siku njema chache. Hakuna dharau kwa imani ya mtu katika kusema kwamba siku njema moja haiwezi kupima dawa, kama vile mlima mmoja uliopandwa bila kusita hauwezi kupima pampu. Kinachotakiwa ni kupima wakati ule hitilafu ipo, na kupima tena wakati haipo, kwa kipimo kile kile.

Kwa gari jambo hili liko ndani ya uwezo wa gereji yoyote. Geji ya kanieneo hufungwa kwenye bomba la nozeli kwa mpira ulioundwa kwa petroli, ikatolewa nje na kufungwa mbele ya kioo ili dereva aione akiwa anakwenda. Kamwe mpira wenye petroli usiingizwe ndani ya gari, na kizimamoto kiwepo. Voltimita huunganishwa kwenye ncha zenyewe za pampu, si kwenye betri, na ameta katika waya unaoilisha. Kisha gari liendeshwe mpaka liugue. Kanieneo na volti zikishuka pamoja, kosa ni la umeme, na pampu haina hatia. Kanieneo ikishuka, volti zikasimama na mkondo ukapungua, pampu inavuta mvuke au hewa, maana kusukuma mvuke ni kazi nyepesi. Hapo na litafutwe tangi, joto, chujio la kwanza, au ufa katika mpira wa upande wa kuvuta. Ufa huo ni mwerevu: upande wa kuvuta hauvujishi tone hata moja, bali huingiza hewa, na fundi anayetafuta unyevu kwa kidole atarudi mikono mitupu. Mkondo ukipanda huku kanieneo kwenye nozeli ikishuka, yamkini kizuizi kipo baada ya pampu. Na ikiwa mishale yote imesimama mahali pake huku injini ikikwama, petroli na iachwe, uchunguzi uhamie kwenye plagi na koili.

Baada ya hapo hubadilishwa kitu kimoja tu, na safari ile ile hurudiwa katika saa ile ile, tangi likiwa na kiasi kile kile. Wenye haraka hupinga kwamba hilo linapoteza siku. Ni kweli, linapoteza siku mbili au tatu. Bei ya geji nayo aghalabu haifiki nusu ya bei ya pampu mpya iliyo nzuri, lakini katika gereji ambayo ina pampu tatu kuukuu zilizotupwa kwenye kona, ambazo pengine mbili kati yake ni nzima, geji hiyo haimo.

Lawama haiwezi kuwekwa juu ya mafundi peke yao. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kanieneo kwa mrija wa maji wenye umbo la U, hufundishwa kanuni ya Ohm kwa balbu, na kiwango cha mchemko kwa sufuria, kila somo katika juma lake, na mtihani humuuliza kila moja peke yake. Hakuna siku anayokabidhiwa kitu kilichoharibika ambacho mada hizo tatu zimo ndani yake kwa pamoja na ambacho hakimwambii ni ipi kati ya hizo. Hakuna haja ya kungoja vifaa kutoka nje. Mwalimu anaweza kuchukua balbu ya taa ya mbele ya gari yenye wati 60, ambayo kwa volti 12 hutumia ampea 5, akaiunganisha na betri kwa waya mnene, kisha kwa waya mwembamba wenye kiungo kilichopata kutu, akificha kiungo hicho ndani ya boksi. Darasa lipewe voltimita moja na daftari. Mwalimu alitikise boksi mara kwa mara bila ya kusema kitu, na wanafunzi waandike saa, volti kwenye betri, volti kwenye balbu na mwanga walioona, kwa kipindi kizima, kabla ya yeyote kuruhusiwa kutamka kilichoharibika.