Ini la Paka Lisisomwe Kwenye Karatasi Pekee

Wahudumu wa afya huulizwa mengi na majirani zao, na baadhi ya maswali hayo hayahusu binadamu. Mfamasia huombwa dawa ya paka anayejikuna usiku kucha. Mtaalamu wa maabara huoneshwa karatasi ya vipimo vya mnyama na kuombwa aeleze kwa nini vimeng'enya vya ini vimepanda. Jibu la haraka ni rahisi kulitoa. Hata hivyo, kwa paka mwenye mzio wa chakula jibu hilo laweza kudhuru kuliko mzio wenyewe, kwa sababu tiba yake ni kubadili chakula, nalo ini la paka halistahimili njaa. Kabla ya kubadili chakula, na kabla ya kutoa dawa kwa ajili ya namba iliyopanda, lipo swali moja linalopaswa kujibiwa kwanza: je, paka huyu anakula, na anakula kiasi gani?

Mzio wa chakula hutokea pale kinga ya mwili inapoikataa protini ambayo mnyama amekuwa akiila, pengine kwa miaka mingi. Protini zinazotajwa zaidi kwa paka ni za nyama ya ng'ombe, samaki na kuku, yaani vitu vile vile ambavyo paka wengi hulishwa kila siku. Paka huyo huwashwa kichwani na shingoni, hujilamba mpaka manyoya yakanyonyoka, hutokwa na vipele vidogo vyenye magamba, au hutapika na kuharisha. Kwa kuwa viroboto huleta dalili zinazofanana na hizo, ni wajibu kuwaondoa kwanza. Hakuna kipimo cha damu wala cha manyoya kinachothibitisha mzio huu kwa uhakika. Njia inayoaminika ni kumlisha paka kwa wiki 8 hivi protini ambayo hajawahi kuila, kama vile nyama ya sungura au ya mbuzi, au chakula maalumu ambacho protini yake imevunjwavunjwa. Kisha hurudishiwa chakula cha zamani ili ionekane kama dalili zitarejea, jambo ambalo kwa kawaida hutokea ndani ya wiki 2.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini kwa paka methali hiyo ina mpaka wake. Paka hukishuku chakula kigeni, na wengi hukigomea kabisa. Mwenye paka hujiambia kwamba njaa ikimzidi atakula. Mbwa huenda akakubali. Paka anaweza kugoma mpaka akaugua. Asipokula kwa siku chache, mwili wake huyeyusha mafuta uliyoyahifadhi na kuyapeleka kwenye ini kwa kasi ambayo ini haliwezi kuikabili. Mafuta hujaa ndani ya seli, ini hushindwa kufanya kazi, na fizi na macho hugeuka manjano. Paka mnene, ambaye mwenyewe hudhani ana akiba ya kutosha, ndiye aliye hatarini zaidi. Wengi hupona wakiwahiwa, lakini tiba kuu ni lishe yenyewe, mara nyingi kwa mrija, na huchukua wiki kadhaa.

Vipimo vya paka huyo vikitoka, humchanganya hata msomaji mzoefu. ALT ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini na kuvuja zinapojeruhiwa. Kupanda kwake huonesha kwamba kuna jeraha, bila kutaja mjeruhi wala kupima uwezo wa ini kufanya kazi. ALP nayo ina tabia zake. Katika damu ya paka, nusu ya ALP itokayo kwenye ini huondoka ndani ya saa 6 hivi, ilhali kwa mbwa huchukua takriban siku 3. Kwa hiyo ongezeko ambalo kwa mbwa lingepuuzwa, kwa paka mzima lina uzito. Tena, binadamu aliyezibwa njia ya nyongo hupandisha ALP na GGT kwa pamoja. Paka ambaye ini lake limejaa mafuta kwa njaa aghalabu hupandisha ALP sana huku GGT ikibaki karibu na kawaida. Mashine iliyopangwa kwa ajili ya binadamu huchapisha viwango vya binadamu, na anayemsoma paka kwa viwango hivyo hupotoka.

Si kila namba iliyopanda hutoka kwenye mlo mpya. Paka mzee anayekula kwa pupa na bado akakonda huenda ana tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, na ugonjwa huo mara nyingi hupandisha ALT. Paka anayetapika kwa miezi huenda ana uvimbe wa utumbo uliofika kwenye kongosho na ini, kwani kwa paka mrija wa nyongo na mrija mkuu wa kongosho huungana kabla ya kuingia kwenye utumbo. Naye paka aliyelambishwa mabaki ya mchuzi wenye vitunguu anaweza kuwa na macho ya manjano kwa sababu vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu, hata kama ini lake ni zima.

Kwa sababu hizo, kumpa paka dawa ya binadamu kwa kukisia ni kosa kubwa. Ini lake lina upungufu wa njia ya kemikali inayotumiwa na binadamu kuondoa parasetamoli. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini nazo ni sumu kwake.

Huenda wako watakaouliza kwa nini wahudumu wa afya washughulishwe na paka ilhali foleni za wagonjwa ni ndefu. Jibu ni kwamba hatua zinazohitajika ni chache, nazo zinaokoa gharama. Chakula kipya kichanganywe kidogo kidogo na cha zamani kwa siku 7 hadi 10, na wiki 8 za majaribio zihesabiwe kuanzia pale cha zamani kinapokwisha. Paka apimwe uzito kila wiki, na anachokula kiandikwe. Akikaa siku nzima bila kula, jaribio lisimamishwe, arudishiwe chakula anachokikubali, na daktari wa mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo. Nyama iliyopikwa nyumbani isitiwe vitunguu wala viungo, na isiwe mlo wa kudumu bila ushauri, kwani paka akikosa taurini huharibika macho na moyo. Mhudumu wa afya hatakiwi kumtibu paka. Kinachotakiwa kwake ni kuuliza swali sahihi na kumwelekeza mwenye paka kwa daktari anayehusika.

Swali hilo lina manufaa wodini pia. ALT iliyopanda inaweza kuwa ya mgonjwa anayetumia isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi kwa kifua kikuu, ya mwenye homa ya ini ya aina ya B, au ya aliyekunywa dawa ya mitishamba asiyoitaja kwa kuona haya. Karatasi za wote hao zinaweza kufanana kabisa. Kinachowatenganisha ni maelezo ya kile walichokula, walichomeza na tangu lini. Binadamu anaweza kuyatoa maelezo hayo mwenyewe akiulizwa kwa utulivu. Paka humtegemea anayemlisha, na ndiyo maana mtu huyo apewe nafasi ya kueleza kabla karatasi ya maabara haijafunguliwa.