Kitu kinaanza kutoka kupumzika

Mniwie radhi wasomaji wangu, nimekuwa kimya karibu wiki tatu. Nilikwenda nyumbani Lushoto, na nimerudi Dar na hasira. Kaeni vizuri niitue.

Jioni ya kwanza nimekaa jikoni kwa mama naota moto, maana baridi ya kule si ya kuchezea, mara binti wa dada yangu akaja na daftari. Yuko kidato cha pili. "Shikamoo mjomba. Eti wewe si ulisoma fizikia?" Marahaba, nilisoma, lete tuone. Swali lilikuwa la mwendo katika mstari mnyoofu, lile ambalo kila mmoja wetu alikutana nalo: mwili unaanza "from rest", mchapuko haubadiliki, ni mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde, tafuta umbali baada ya sekunde 5. Binti akaandika s = ut + ½at², akaweka u ni sifuri, akapata mita 25. Sahihi kabisa.

Nikamuuliza, kwa nini u ni sifuri? Kimya. Halafu: "Mwalimu alisema ukiona rest unaweka sifuri." Na hiyo rest ni nini? "Kupumzika." Kwa hiyo swali linasema nini? "Kitu kinaanza kutoka kupumzika, halafu kinaenda." Kitu gani? "Mwili." Mwili wa nani? Akacheka, nami nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe nilivuka mtihani wa kidato cha nne kwa namna hiyohiyo. Nilikuwa na herufi tano kichwani, u, v, a, t, s, na kanuni tatu, na ujanja mmoja: angalia herufi tatu ulizopewa, chagua kanuni yenye herufi unayotafuta, chomeka. Nilipata alama nzuri tu. Kama ungeniuliza kuna nini kinachotokea hapo duniani, ningekutazama kama vile umeniuliza habari za Mwezini.

Na wakati huo nilikuwa naishi juu ya mlima!

Kwa msiofika kwetu: kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita kama 33 za kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, unapita Soni kwenye maporomoko, na unashuka karibu mita 1,000. Wajerumani walioichonga njia hiyo waliuita mji wetu Wilhelmstal. Kila siku lori la kabichi na viazi linashuka pale, na kila dereva mwenye akili anashuka kwa gia ileile ambayo angepandia. Mtoto wa Lushoto amesikia hilo tangu hajaanza darasa la kwanza. Amemwona utingo akiruka chini na jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Amenusa breki zilizoungua. Hakuna mtoto katika Tanzania hii mwenye maabara kubwa ya mchapuko kuliko yeye, halafu anapelekwa darasani kufundishwa kuhusu "mwili" unaopumzika.

Basi nikafunga daftari, nikasema tuanze upya, kwa Kiswahili, na gari. Mchapuko ni nini? Ni spidi inavyobadilika kila sekunde inayopita. Chukua kipande chenye mteremko wa mita moja kwenda chini kwa kila mita kumi za barabara. Dereva anayetaka kubana mafuta anaachia gari lishuke frii, bila gia. Ukisahau msuguano na upepo, spidi inaongezeka kwa karibu mita 1 kwa sekunde, kila sekunde. Alikuwa na kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, mwendo wa kistaarabu kabisa. Baada ya mita 200 ana ngapi? Muda hatujui, wala hatuuhitaji, kwa hiyo tunachukua kanuni isiyo na t: v² = u² + 2as. Mia moja, jumlisha mbili mara moja mara mia mbili, inakuja 500. Kipeuo chake cha pili ni kama 22. Hiyo ni kilomita 80 kwa saa. Kwa kweli itakuwa pungufu kidogo kwa sababu ya ule msuguano tuliousahau, lakini binti alishika mdomo. "Mita mia mbili tu mjomba? Si kama kutoka hapa hadi dukani?" Ndiyo. Kama kutoka hapa hadi dukani, na mbele kuna kona.

Tukaja kwenye kusimama, maana hapo ndipo wanafunzi wote huchanganyikiwa na alama ya kutoa. Nikamtungia swali. Noah imeshamaliza mlima, imeingia barabara kuu pale Mombo, tambarare, inaelekea Korogwe kwa kilomita 72 kwa saa. Hiyo ni mita 20 kwa sekunde. Mita 50 mbele kuna lori limesimama. Sekunde moja inapita kabla mguu wa dereva haujagusa breki. Breki zikishika, zinaondoa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Atagonga?

Alichora mstari chini kwa mkaa. Sekunde ile ya kushtuka gari halijapunguza kitu, linakula mita 20. Zimebaki 30. Tunahesabu mbele kuwa chanya, breki zinavuta nyuma, kwa hiyo a ni hasi 5. Kwa mara ya kwanza aliiona ile alama ya kutoa ni kitu, ni mguu wa mtu uko kwenye breki. 400 toa 300, inabaki 100, kipeuo ni 10. Anafika kwenye lori akiwa bado na mita 10 kwa sekunde, kilomita 36 kwa saa. Amegonga. Je, angekuwa na kilomita 54? Mita 15 zinaliwa na mshtuko, zinabaki 35, na breki zinahitaji 22 na nusu tu. Anasimama mita kumi na mbili na ushee kabla ya lori, anatoa kichwa dirishani, anamtukana mwenye lori, maisha yanaendelea.

Halafu binti akauliza swali ambalo sikumtungia. "Na kama breki zimechemka kule mlimani?"

Jamani! Huyo ndiye mtoto ambaye nusu saa nyuma alikuwa anaweka sifuri kwa sababu mwalimu kasema. Aligundua mwenyewe kwamba kanuni zote tatu zinategemea a isibadilike, na kwamba dereva aliyeshuka kilomita 33 kwa kukanyaga breki badala ya kuiachia injini ishike gari, a yake si ile aliyoanza nayo. Breki zikipata moto sana hushika kidogo. Tukaweka 3 mahali pa 5. Anagonga kwa karibu kilomita 53 kwa saa. Unaona sasa ile sentensi yetu ya magazetini, "gari lilifeli breki", inavyoficha mambo? Breki hazifeli kama taa inavyozimika. Mara nyingi zinachoka kona baada ya kona, na kuna mtu alichagua gia kule juu.

Hapa nijiseme na mimi. Nimeandika habari za ajali mara nyingi, na nimeandika kama wenzangu wote: "chanzo ni mwendokasi", nukta, jina la kamanda, idadi ya marehemu. Mwendokasi! Neno ambalo Dar siku hizi ni jina la basi unalolisubiri kituoni hadi unakata tamaa. Sijawahi hata siku moja kumwandikia msomaji kwamba ukiongeza spidi mara mbili, umbali wa kufunga breki haurudufu, unakuwa mara nne. Ile 2 ndogo juu ya v ndiyo yote iko pale, na wasomaji wangu wengi waliifanyia mtihani.

Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi wa shule ya msingi ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu, kwenye mteremko. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Sitasema kanuni ya fizikia ingewaokoa, huo ungekuwa upuuzi na kuwakosea adabu wazazi. Nasema tu kwamba katika nchi yenye miteremko kama yetu, somo la kasi na breki halikupaswa kuwa siri ya lugha.

Maana tatizo ni lugha, tusizungukezunguke. Mtoto anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anaamka asubuhi na kila kitu ni Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishapendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Ikawekwa kabatini. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelisema hili miaka na miaka. Sera ya Elimu iliyozinduliwa 2015 ikasema Kiswahili kitatumika katika ngazi zote, tukapiga makofi, na hadi leo binti wa dada yangu anasoma kwamba kitu kinaanza kutoka kupumzika.

Najua mtakachosema, ninyi wa maofisini. Kiswahili hakina maneno. Kinayo: TUKI walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, miaka ambayo wengi wetu hatujazaliwa. Mtasema dunia inataka Kiingereza. Sawa, kifundishwe, tena kifundishwe vizuri kama somo, maana kwa utaratibu wa sasa mtoto anamaliza bila Kiingereza na bila fizikia. Mtasema sayansi ni ya lugha za wakubwa. Galileo, ambaye aliviringisha mipira kwenye ubao ulioinamishwa akagundua kwamba umbali unakua kwa mraba wa muda, alikijua Kilatini cha wasomi vizuri tu, na bado kitabu chake cha 1632 alikiandika kwa Kitaliano ili watu wake wasome. Kile cha mwendo cha 1638 nadharia zake zimo kwa Kilatini, nakubali, lakini mazungumzo yanayozieleza ni ya Kitaliano.

Na wengi wenu mnaopinga mna watoto au wadogo zenu kwenye shule za Kiingereza tangu chekechea. Ukuta huo hamuugongi ninyi.

Ninachodai si mapinduzi. Mtihani wa darasa la saba umekuwa ukitungwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia, kwa ajili ya hizo shule zenu. Kumbe Baraza la Mitihani linajua kuchapa swali moja kwa lugha mbili. Basi karatasi ya fizikia ya kidato cha pili na cha nne ichapwe hivyohivyo, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, mtoto ajibu kwa anayoiweza. Walimu watafuata wenyewe, kwa sababu walimu hufundisha kinachotahiniwa.

Asubuhi ya kuondoka binti alinisindikiza stendi. Akapita mbele ya Noah, akamsalimia dereva, akamuuliza bila aibu anashukaga na gia namba ngapi. Dereva, mzee wa makamo, akamtazama, akanitazama mimi. "Ya pili, mwanangu. Kwani wewe umetumwa na trafiki?"