Wamama wa mstari wa nyuma nao waonekane

Juma hili tuongee juu ya picha.

Mwaka jana, tarehe 8 Machi, tulipigwa picha ya pamoja na vitenge vyetu. Wadada walichuchumaa mbele, mama wazee wakasimama nyuma. Picha ilipotoka, sura za mbele zilikuwa safi, za nyuma kama zimefunikwa na ukungu. Mwezi wa sita, mama mmoja wa mstari wa nyuma akatutoka. Tulitafuta picha ya kuweka kwenye kilio, na jamaa yake hawakuwa na nyingine. Tulijuta.

Tulikuwa tumesimama chini ya paa, mwanga ukiwa kidogo. Kwa hiyo mpiga picha alifungua sana tundu la kamera, tena alisimama karibu.

Darasani tunaeleza hivi. Kioo cha kamera kinakusanya mwanga na kuchora picha nyuma yake. Kioo cha milimita 50 kinamchora mtu aliye mita 1 kwenye milimita 52.6 nyuma yake. Aliye mita 5 anachorwa kwenye milimita 50.5. Lakini filamu inakaa fasi moja tu. Mmoja akiwa safi, mwingine anatapakaa: kila nukta ya sura yake inakuwa duara. Tundu likipunguzwa, duara nalo linapungua, mpaka jicho halilioni tena.

Jaribuni nyumbani. Toboeni karatasi kwa sindano. Mama anayesoma kwa miwani aivue, achungulie kitabu kupitia tundu hilo, penye jua. Herufi zitaonekana vizuri zaidi.

Kwenye kamera, namba kubwa ni tundu dogo. Namba 8 inapitisha mwanga mara 16 pungufu kuliko namba 2, kwa hiyo kamera inahitaji mwanga mwingi, na watu watulie. Simu nyingi tundu lake halibadiliki. Huko dawa ni kurudi nyuma. Watu wakiwa mbali na kamera, tofauti kati ya mstari na mstari inakuwa ndogo.

Basi Machi ijayo tutoke nje kwenye mwanga. Mpiga picha arudi hatua tano, aweke namba 8, mistari ikaribiane. Na mama wazee wakae mbele, kwenye viti. Sisi wengine tutasimama nyuma yao.