NYUMBA YETU: Fotei za zamani zisitupwe

Hapa Mususa nyumba nyingi ziko na fotei za mbao nguvu, libuyu ao muvula, lakini kitambaa kimefifia. Mgeni akipiga hodi, mama anapata haya. Kisha baba anakopa feza ya fotei mpya, na minervali ya watoto inabaki nyuma.

Mbele ya kuingia mu deni, tikiseni mbao. Kama ingali imara, pakeni kitambaa rangi. Ondoeni vumbi, sugueni na sabuni, mkiache kikauke. Chukueni rangi ya maji, hapana ya mafuta: ile inakuwa ngumu na kupasuka. Iongezeeni maji mpaka iwe nyepesi. Jaribuni kwanza upande wa nyuma. Lowanisheni kitambaa kidogo, mpake kwa brosi. Kikikauka kabisa, pitisheni msasa laini, mpake tena, hata mara tatu. Rangi nyeupe haifuniki vizuri kitambaa cheusi, na kitambaa cha manyoya hakifai. Wakati wa mvua, ngojeni siku kadhaa mbele ya kukalia.

Vijana, kazi hii mwaweza kuifanyia majirani pia.

Fotei mpya itangoja. Darasa la mtoto halingoji.