Utalii ikolojia ni nini? Mizani ya Kimondo cha Mbozi na wageni wa Tunduma

MBOZI, SONGWE – Magari yanayopita Ruanda, wilayani Mbozi, katika barabara kuu ya Tanzania na Zambia, hubeba wasafiri wa kila aina: wafanyabiashara wanaoelekea Tunduma, jamaa wanaokwenda kuonana na ndugu zao ng'ambo ya mpaka, na wachache wanaochepuka kwenda kijiji cha Ndolezi kuliona jiwe lililoanguka kutoka angani. Kwa vigezo vya takwimu vya Umoja wa Mataifa, mfanyabiashara aliyetoka Lusaka akalala Tunduma usiku mmoja huhesabiwa kuwa mtalii, sawa na mgeni aliyekwea Mlima Kilimanjaro. Wote wanaingia katika hesabu ya watalii wa kimataifa, ambao kwa Tanzania walizidi milioni 2 mwaka 2024.

Hesabu hiyo ni halali. Hata hivyo, haielezi mgeni ameacha nini alikopita, na hapo ndipo dhana ya utalii ikolojia inapohitajika.

Neno hilo lilianza kutumika mwaka 1983, likihusishwa na mtaalamu wa usanifu majengo wa Meksiko, Héctor Ceballos-Lascuráin. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Utalii Ikolojia. Tafsiri inayokubalika zaidi hudai mambo matatu kwa pamoja: safari ya maeneo ya asili iwe inalinda mazingira, inawanufaisha wenyeji, na inamfundisha mgeni kuhusu anachokiona. Kikikosekana kimoja, safari inabaki kuwa utalii wa asili tu, yaani kwenda kutazama wanyama, misitu au maporomoko. Utalii wa utamaduni, kwa upande wake, huanza na watu, mila na vyakula vyao. Utalii wa jiolojia hutazama miamba na historia ya dunia. Utalii endelevu ni mwavuli mpana zaidi: hata hoteli kubwa ya ufukweni inaweza kujitahidi kuwa endelevu bila kudai kuwa ni ya utalii ikolojia.

Mfano ulio wazi nchini ni Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambacho matumbawe yake yamehifadhiwa tangu miaka ya 1990. Kuna nyumba saba tu za wageni, maji yanavunwa kutokana na mvua, umeme unatokana na jua, na wanafunzi wa Zanzibar hupelekwa huko kujifunza. Fukwe nyingine za Unguja zina bahari ileile, lakini biashara yake ni tofauti. Kinachotofautisha, basi, si kivutio bali namna kinavyoendeshwa.

Songwe, mkoa ulioanzishwa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mbeya, haina Hifadhi ya Taifa. Kivutio chake mashuhuri hakina hata uhai: ni pande la chuma kwa takriban asilimia 90, na nikeli kwa asilimia 8 hadi 9, lenye urefu wa mita tatu hivi. Makadirio ya uzito wake hutofautiana kati ya tani 12 na 16. Je, jiwe linaweza kuwa kivutio cha utalii ikolojia?

Kwa kigezo cha kwanza, Kimondo cha Mbozi kina rekodi ya kuridhisha. Wenyeji walilijua jiwe hilo kabla halijaandikwa katika kumbukumbu za kikoloni mwaka 1930, likiwa bado limefukiwa kwa sehemu kubwa. Udongo wa kuzunguka ulichimbwa, ukaachwa nguzo ya udongo chini yake, kisha nguzo hiyo ikaimarishwa kwa zege. Jiwe halikuhamishwa. Vimondo vingi duniani vimeishia katika kumbi za makumbusho ya miji ya mbali, lakini hiki kimebaki kilipokutwa, kikilindwa kisheria kama urithi wa mambo ya kale. Kwa sasa kituo kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro (NCAA), yenye uzoefu wa utalii wa jiolojia kupitia Ngorongoro Lengai, eneo lililotambuliwa na UNESCO mwaka 2018.

Kigezo cha elimu nacho kinafikika, kwani jiwe lenyewe ni somo. Hakuna shimo la mgongano lililobainika pembeni yake, wala simulizi ya wenyeji kuhusu siku lilipoanguka, na mambo hayo mawili yanaashiria kwamba lilianguka zamani sana. Mwongoza wageni anayeeleza hivyo anafanya kazi kubwa kuliko kibao cha vipimo.

Kigezo kigumu ni cha wenyeji. Kimondo hutazamwa kikamalizika kwa muda mfupi. Mgeni aliyetoka Mbeya asubuhi anaweza kulipa kiingilio, kupiga picha na kurudi Mbeya kula chakula cha mchana. Jiwe litakuwa limehifadhiwa, naye atakuwa amejifunza, lakini Ndolezi itakuwa imepata vumbi la gari lake. Safari ya namna hiyo haistahili jina la utalii ikolojia, hata ikiandikwa hivyo kwenye vipeperushi.

Pengo hilo linaweza kuzibwa na aina nyingine za utalii. Mbozi ni wilaya ya kahawa, na mgeni anayepelekwa shambani kuona buni ikichumwa, ikimenywa na kukaushwa, kisha akala kwa mama lishe wa kijijini, hukaa saa kadhaa zaidi na fedha yake hugawanyika kwa kaya nyingi. Huo ni utalii wa utamaduni na wa kilimo, lakini ndio unaoufanya ule wa kimondo utimize sharti la tatu. Mpango wa utalii wa utamaduni ulioanza nchini mwaka 1995 kaskazini ulijengwa juu ya wazo hilohilo: mgeni aliyekuja kwa ajili ya wanyama apate sababu ya kuingia kijijini.

Tunduma ina nafasi yake hapa. Mfanyabiashara anayesubiri mzigo kutolewa forodhani ana siku nzima isiyo na kazi, na kimondo kiko katika wilaya jirani. Usafiri wa uhakika kutoka Tunduma, bei iliyobandikwa wazi na waongoza wageni waliotoka Ndolezi yenyewe ni mambo ambayo halmashauri na wasimamizi wa kituo wanaweza kuyapanga bila kusubiri wageni wa kukodi ndege.